Sala Zilizobaki Kwenye Simu ya Zamani

Katika sehemu ya wiki iliyopita tuliuacha mlango wa chumba cha kushonea wazi, binti kasimama kizingitini na koti lake jeupe la maabara, simu mkononi. Bado yuko pale pale. Na sindano ya cherehani bado imezama katikati ya kola.

"Nakusomea tena, mama," alisema. "Usije ukasema sikukusomea vizuri."

Mama Vifungo aliondoa mguu kwenye pedeli taratibu. Jina hilo walimpa wateja, kwa sababu nguo haikutoka mkononi mwake na kifungo kinachocheza. Mjane wa miaka minne, mtu wa sala, hana makuu na mtu.

"Soma."

Binti akasoma kama anayetema mbegu. "Mwalimu, habari za asubuhi. Naona ile safari ya Jumamosi muiahirishe. Binti yangu ana kovu begani. Mmeambiwa ni maji ya moto, lakini ni pasi. Mwulizeni kwanza nani aliyemchoma, na kwa nini nyumba nzima inaficha."

Akashusha simu.

"Umetoka kwenye ukurasa wako. Picha yako, jina lako, leo saa tatu asubuhi. Mwalimu Mkuu kamwonyesha mwanawe, mwanawe kanitumia mimi na maneno mawili tu: kuna nini?"

Mwalimu Mkuu ndiye mama wa kijana anayemchumbia binti. Alistaafu miaka miwili iliyopita, lakini mtaa mzima bado unamwita hivyo, naye bado anatembea kama anayekagua kucha za wanafunzi. Jumamosi, yaani keshokutwa, alikuwa aje na mwanawe, yule kijana fundi wa umeme, kupanga siku ya harusi.

"Saa tatu nilikuwa hapa na kola hizi," Mama Vifungo alisema. "Mungu shahidi yangu."

"Mungu hana simu, mama. Nipe shahidi mwenye simu."

"Chunga ulimi wako."

"Nimeuchunga tangu asubuhi. Haya, niambie. Pasi gani?"

Mama Vifungo akafungua mdomo, kisha akaufunga.

Binti aliuona ule mdomo ulivyofungwa. Mtu wa maabara huyo, kazi yake ni kutazama vitu vidogo.

"Tangu nipate akili naambiwa maji ya moto," alisema polepole. "Nilikuwa na miaka mitatu, sufuria ikamwagika. Sasa pasi imetoka wapi?"

"Tutaongea."

"Lini?"

"Kwanza tumjue aliyeandika."

Jibu hilo halikumtosha binti. Hata wewe msomaji lisingekutosha.

Habari ya pasi waliijua watu watatu duniani. Mmoja yuko kaburini. Wa pili ni Mama Vifungo mwenyewe. Wa tatu alikuwa ameketi kwenye kigoda pale pembeni, anapiga pindo sketi za shule, na tangu binti aingie hakuwa ameinua kichwa hata mara moja.

"Wifi," Mama Vifungo aliita.

"Abee."

"Umeongea na nani?"

"Kuhusu nini?"

"Unajua kuhusu nini."

Binti akageuka. "Kumbe na shangazi anajua."

Wifi akachomeka sindano kwenye mto wake mdogo. Akaingiza mkono kifuani, akatoa simu ya vitufe iliyofungwa mpira ili betri isianguke, akaiweka mezani juu ya vitambaa.

"Hii hapa. Tochi inawaka, redio inaimba, mambo yamekwisha. Nionyesheni huo ukurasa naufungulia wapi. Kwenye tochi?"

Hakuna aliyecheka.

"Kaka yangu amekufa, nimekaa nakupigia pindo miaka minne," wifi aliendelea, "leo umenifanya mchongezi."

"Sijasema hivyo, wifi."

"Jicho lako limesema."

Mama Vifungo aliinamisha kichwa. Aibu ilimshika, lakini shaka haikumtoka yote. Midomo ipo, na si lazima mtu awe na simu kubwa ili akazungumze na mwenye nayo.

Binti ndiye aliyeuliza swali lililopindua siku.

"Mama, simu yako ya zamani iko wapi?"

"Nilimwachia yule fundi simu, Darubini, nilipochukua hii mpya. Miezi mitatu sasa."

"Ulitoa vitu vyako?"

"Nilitoa laini. Kwa mkono wangu huu."

Binti akafumba macho. "Laini," alisema. "Vaa viatu, mama."

*

Kibanda cha Darubini kina upana wa mlango mmoja. Mbele kuna kabati la kioo limejaa simu zilizokufa, na nyuma ya kabati yupo Darubini mwenyewe, na lenzi yake imefungwa kwa ukanda kwenye paji la uso. Hata akinywa chai haivui.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajitetea kabla hajalaumiwa, jambo ambalo Mama Vifungo hakulipenda.

"Nilikuuliza, mama yangu. Umesimama hapo hapo. Nikasema, umetoa akaunti? Ukanijibu, nimetoa."

"Nilitoa laini."

"Mimi sikuuliza laini."

Mama Vifungo aliikumbuka siku ile vizuri kuliko alivyotaka. Simu ilimwandikia: Ondoa akaunti? Chini yake pakawa na maneno madogo, kwamba picha, maandishi na vyote vitaondolewa. Na nyuma ya maneno hayo ilionekana picha ya marehemu mume wake, kavaa kofia yake ya kukatia vitambaa, anacheka. Kidole kikakataa. Angemwondoaje? Akachomoa laini, akamkabidhi Darubini simu, na alipoulizwa kama ametoa, akasema ametoa.

Hakusema uongo. Lakini ukweli ule aliuacha bila kuupiga pindo, na sasa nyuzi zilikuwa zinafumuka.

"Laini ni namba yako tu," Darubini alieleza, sauti ya kumbembeleza mteja. "Ukiichomoa, simu haipigi kwa namba yako. Basi. Akaunti imebaki ndani. Ni kama umehama nyumba na funguo zako mkononi, kumbe mlango hukuufunga na kabati lako umeliacha limejaa."

"Iliniambia picha zitaondolewa."

"Ilisema zitaondolewa kwenye simu hii. Kwenye akaunti zingebaki, ungezikuta zote huku kwenye mpya. Hukumaliza sentensi, mama."

"Na wewe?" binti aliuliza. "Ukampa mtu simu bila kuisafisha?"

Darubini akashusha lenzi jichoni, ingawa hapakuwa na cha kutazama. "Aliyenunua alikuwa na haraka. Na mimi nilimwamini mama yako. Kosa ni langu pia."

Binti akachukua simu mpya ya mama yake. Tangu ainunue, Mama Vifungo hakuwahi kufungua ukurasa wake humo. Alidhani umebaki na simu ya zamani kama ganda.

Nenosiri hakulikumbuka. Darubini akawaelekeza waombe jipya, na mara simu ikalia mlio mfupi: namba sita zimeingia kwenye laini.

"Hizo usimsomee mtu yeyote," Darubini alisema, akageuza uso ukutani. "Hata mimi. Andika mwenyewe."

Akaandika, kidole kimoja kimoja. Kioo kikafunguka.

Picha zikaja kwanza. Kofia ile, kicheko kile. Mama Vifungo akashusha pumzi. Alikuwepo.

"Sasa nenda palipoandikwa vifaa," Darubini alisema. "Nisomee."

"Viko viwili," binti alisoma. "Hii ya mkononi. Na ile ya zamani." Akasita. "Imeandikwa inatumika sasa."

"Sasa lini?"

"Sasa hivi, mama. Tunavyoongea kuna mtu kaishika."

Wote watatu wakageuka kutazama barabara, bila kuambiana. Mwanamke mwenye kapu alipita, simu sikioni. Mwenye duka la rangi alikuwa mlangoni kwake, simu mkononi, na alipoona anatazamwa akaitia mfukoni. Msichana mmoja alisimama kivulini anaandika haraka haraka, huku anatabasamu peke yake. Anatabasamu nini? Mama Vifungo hakuwahi kujua kwamba mtaa wake una simu nyingi kiasi kile.

"Bonyeza Ondoa," Darubini alinong'ona, kana kwamba huyo mtu anawasikia. "Mfukuze. Hiyo ndiyo dawa, na ni bora sasa kuliko baadaye."

"Ngoja," Mama Vifungo alisema. "Nikimfukuza, nitamjuaje?"

"Ukingoja ataendelea kuchota."

"Ameshachota. Nataka kumwona usoni."

Binti hakuwa anawasikia tena. Kidole chake kilikuwa kimegusa mahali pengine.

"Mama," alisema. "Hizi ni nini? Pameandikwa Sala."

Mama Vifungo akanyoosha mkono aichukue simu.

Alikuwa amesahau. Hapana, hakusahau, hakufikiri tu. Miaka saba aliandika sala zake kwenye simu ile, kwa sababu kuta za nyumba yake ni nyembamba na yapo mambo ambayo mtu hayasemi kwa sauti. Aliwaombea watu wote mle, na kila mtu kwa kasoro yake. Msomaji alikuwa mmoja tu, na hakuhitaji nenosiri.

"Zifunge, mwanangu."

"Kuna moja ina neno pasi."

"Nakuomba."

Binti akaisoma, kwa sauti ya chini, mbele ya kabati la simu zilizokufa.

"Mungu wangu, nisamehe. Siku ile ya pasi nilimwacha mtoto mezani peke yake, nikaenda mlangoni kupokea kitambaa. Wifi ndiye aliyesikia kilio. Tukakubaliana tuseme ni maji ya moto. Kila nikiliona bega lake, nauona mkono wangu."

Darubini alichukua simu moja iliyovunjika, akaanza kuifuta kioo kwa bidii kubwa.

"Kwa nini maji?" binti aliuliza.

"Maji humwagika yenyewe," Mama Vifungo alisema. "Pasi lazima kuna aliyeiacha."

"Miaka ishirini na minne, mama."

"Najua."

"Mpaka leo siwezi kusimama karibu na sufuria inayochemka. Wenzangu wananicheka. Kumbe namwogopa asiyenifanya lolote."

"Nisamehe, mwanangu."

Binti alikuwa anatazama kioo. Mama alimjua: alikuwa na ule mkunjo wa paji la uso anaokuwa nao akiona kitu kwenye kipimo ambacho hakikutakiwa kuwepo.

"Hii umeandika wewe?"

"Maneno ni yangu."

"Nisamehe ina h. Wewe maisha yako yote unaandika nisamee. Kila ukinitumia ujumbe nakutania." Akaleta kioo karibu zaidi. "Na hapa pana mkato. Hapa nukta. Wewe tangu lini una nukta?"

"Mimi sina nukta," Mama Vifungo alisema. "Nikichoka kuandika, naacha."

Wakafungua nyingine. Nukta, mkato, nukta. Wakafungua ya tatu. Herufi kubwa mwanzoni mwa kila sentensi, wima kama wanafunzi mstarini. Kwenye ya nne Mama Vifungo alikuwa ameandika Ee Mungu Mungu, na Mungu wa pili hakuwepo.

"Huyo nilimwita mara mbili makusudi," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hasira ilimpanda kweli. "Nani kamfuta?"

Binti alikuwa ametoa simu yake mwenyewe, ameufungua ule ujumbe wa asubuhi. Akaziweka simu mbili kando kwa kando. Mwalimu, mkato. Habari za asubuhi, nukta.

"Mkono ni mmoja," alisema. "Mtu gani anaiba sala za mwenzake, halafu anazisahihisha?"

Mama Vifungo alimgeukia Darubini. "Uliyemuuzia ni nani?"

Darubini akafungua droo, akatoa daftari lenye mafuta ya vidole. "Jina sikuandika. Nimeandika kijana, mkanda wa bisibisi kiunoni." Akakuna kichwa. "Namkumbuka. Alitaka kioo kikubwa. Alisema ni ya mama yake, amestaafu, macho yamechoka kwa kusahihisha madaftari."

Mwenye duka la rangi ng'ambo ya pili alikohoa, na kikohozi kile kikasikika kama kimepigwa ndani ya kibanda.

"Mwalimu Mkuu," binti alisema.

"Lakini ujumbe ulikwenda kwa Mwalimu Mkuu," Mama Vifungo alisema. "Yeye ndiye aliyeupokea."

"Simu moja inabeba akaunti mbili," Darubini alisema taratibu. "Ya kwako iliyobaki, na ya kwake aliyofunguliwa. Unaingia huku unaandika, unatoka, unaingia kule unapokea."

"Amejiandikia mwenyewe," binti alisema. "Akashtuka mwenyewe. Akamwonyesha mwanawe kwa mkono unaotetemeka." Kisha sura yake ikabadilika, na Mama Vifungo akaona kitu kipya kinaingia machoni mwa mwanawe, kibaya kuliko hasira. "Na yeye je?"

"Nani?"

"Mwenye bisibisi. Alinunua yeye, akaiwasha yeye. Si aliiona picha yako, mama? Mtu anashindwaje kuijua sura ya mkwe wake?"

Mama Vifungo hakutaka kutunga jibu. Alitunga jibu moja miaka ishirini na minne iliyopita, na leo lilikuwa mezani.

Akachukua simu, akatafuta sala moja aliyoikumbuka sasa. Aliiandika siku ile familia mbili zilipokutana mara ya kwanza. Akaipata.

mungu mlainishe yule mwalimu anatutazama kama watoto waliochelewa shule kiburi chake kisimguse mwanangu

Hapakuwa na nukta. Hapakuwa na mkato. Mungu alikuwa na herufi ndogo, kama Mama Vifungo alivyomwacha.

"Zote kazisahihisha," binti alisema. "Hii hajaigusa."

"Hii ilimgusa yeye," Mama Vifungo alisema.

Akamwona Mwalimu Mkuu amekaa kwenye kiti chake, miwani puani, anakutana na jina lake katika sala ya mtu mwingine. Mama Vifungo akaona haya, haya ya kweli, yaliyochanganyika na hasira mpaka hakujua ipi inaishia wapi.

"Sasa tumemjua," Darubini alisema. "Bonyeza, mama. Rudi kwenye vifaa, bonyeza Ondoa."

Mama Vifungo akanyoosha kidole. Lakini kabla hakijafika, kioo kikacheza.

Chini ya sala ile, mahali palipokuwa patupu, herufi moja ikatokea. Kisha ya pili. Hakuna aliyekuwa ameigusa simu.

"Anaandika," Darubini alisema, akarudi nyuma hatua nzima ndani ya kibanda kisicho na hatua mbili. "Simu ile imempa taarifa kwamba akaunti imefunguliwa kwingine. Anajua mmeingia."

Maneno yakaja polepole, kila moja na mahali pake.

Karibu, Mama Vifungo. Nimekungoja miezi mitatu.

Nukta. Kisha kimya. Kisha tena.

Nadhani binti yuko hapo. Kama ameanzia kwenye pasi, ameanzia katikati. Mwambie mtoto hodari husoma tangu ukurasa wa kwanza.

Mama Vifungo aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Ukurasa wa kwanza. Sala ya kwanza kabisa, ya wiki ile aliyoletewa simu, alipokuwa hajajua hata kuweka nafasi kati ya maneno. Mume wake alikuwa hai, anakoroma chumba cha pili. Aliiandika huku analia, akasema Amina, na hakuifungua tena maisha yake yote.

"Nipe simu, mwanangu," alisema.

Simu ilikuwa imeshahamia mkononi mwa binti.

"Rudi kwenye vifaa. Bonyeza Ondoa, tumtoe huyu mtu. Mengine tutaongea nyumbani, mimi na wewe, nakuapia."

"Nitabonyeza, mama," binti alisema. Kidole chake kilikuwa kinasukuma sala juu, moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka, kuelekea chini kabisa. "Nikishasoma."

Kioo kikafika mwisho, kikagonga, kikatulia. Sala ya kwanza ilianza kwa jina la mwanamume, limeandikwa bila makosa hata moja.

Halikuwa jina la marehemu baba yake.